Kibuyu cha Koko Chenye Uso

Kila Jumamosi asubuhi, kabla vumbi la Karatu halijaamka, Resiato alichuchumaa nyuma ya jiko na kibuyu cha bibi yao mapajani. Alikitia ndani kijiti cha mzeituni wa porini chenye ncha ya moto, akasugua na kuzungusha mpaka moshi ukafuka mdomoni mwa kibuyu. Kisha alikung'uta majivu, akakipangusa kwa usinga wa mkia wa ng'ombe na kukirudisha kwenye msumari wake, chumbani kwa bibi.

Nashipai alikuwa akifagia uwanja huku akimtazama.

"Hakina hata tone la maziwa," alisema Jumamosi moja. "Unahangaika nacho cha nini?"

"Koko alisema nisikiache kikalala bila moshi," Resiato alijibu. "Akirudi akute kinanuka uvundo, utamjibu wewe?"

Koko ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi. Koko Naisenya aliishi hapo Karatu kwa mwanawe mkubwa, Metui, baba yake Nashipai, dereva wa watalii ambaye mara nyingi alikuwa safarini. Majuma hayo Koko alikuwa amekwenda Malambo kwa mwanawe mdogo, Lengai, kumtazama mjukuu aliyezaliwa. Resiato alikuwa binti wa Lengai. Aliletwa Karatu asome, kwa sababu boma la baba yake lilikuwa mbali na shule, na ndama hawajichungi wenyewe. Wasichana hao wawili walikuwa darasa la sita, wakilala kitanda kimoja na kugombania blanketi moja.

Kile kibuyu Koko alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kilikuwa na tumbo pana na shingo fupi, kimepata rangi ya kahawia inayong'aa kwa miaka mingi ya kupakwa mafuta, na shingoni kilifungwa ukanda wa ngozi wenye shanga. Maziwa yaliyotumika siku Metui alipopewa jina yalitoka humo. Ya Lengai pia, na ya Nashipai, na ya Resiato. Koko alikuwa hasemi mengi kuhusu kibuyu hicho, ila hakuna aliyekigusa bila ruhusa yake.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, mama yake Nashipai, jina lake Esta, aliyezoeleka kama Mama Esta, alirudi kutoka kazini na habari mpya. Yeye alikuwa mwokaji wa mikate na keki katika loji moja kilimani, njia ya kwenda Ngorongoro.

"Wageni waliopo wana watoto wengi," alisema huku akivua viatu. "Wana sikukuu yao inaitwa Halowini. Watoto wanavaa mavazi ya kuchekesha na ya kutisha, wanapewa vitamutamu. Meneja anataka watoto wa wafanyakazi nao waje wacheze pamoja. Mavazi yatengenezwe kwa vitu vya nyumbani, asinunue mtu kitu. Na kila mtoto aje na boga alilolichonga uso, ndani liwe na mshumaa."

"Boga lenye uso?" Resiato alicheka. "Sasa litakula nini?"

"Boga zuri kuliko yote litapata zawadi. Kasha la penseli za rangi."

Nashipai aliacha kumenya viazi. Alipenda kuchora kuliko kula. Penseli zake zilikuwa mbili, nyeusi na nyekundu, na ile nyekundu ilikuwa imebaki ndogo kama jino.

Mama Esta hakuwa mtu wa kupokea jambo kabla ya kuliombea. Jumapili baada ya ibada alimngoja mwinjilisti Josephati nje ya kanisa, akamuuliza kama sikukuu ile inafaa kwa watoto wa Kikristo. Mzee huyo alifikiri kidogo.

"Mtoto kuvaa gunia si dhambi, Mama Nashipai," alisema. "Dhambi haivai gunia. Yenyewe huvaa vizuri, usiitambue."

Basi Mama akakubali, kwa sharti moja. "Pembe za shetani sitaki. Mifupa sitaki. Vaeni wanyama wa Mungu, nao wanatisha vya kutosha."

Juma lile nyumba yao iligeuka karakana. Resiato alichukua gunia la mahindi, akatoboa matundu mawili ya macho, akalipaka madoa ya mkaa, akawa fisi. Nashipai aliamua kuwa bundi. Alikata karatasi za mifuko ya saruji vipande vingi vyenye umbo la manyoya, akavishona safu juu ya safu kwenye khanga iliyochakaa. Chandarua kilichotoboka kikawa utando wa buibui wa kupamba mlango wa loji. Jikoni Mama alijaribu vitamutamu. Alikata biskuti zenye umbo la popo kwa kifuniko cha kopo alichokikunja, akapika karanga za sukari, akashikamanisha bisi kwa asali, na mbegu za maboga akazikaanga kwa chumvi. Wasichana walionja mpaka wakakatazwa.

Maboga yalikuwa adimu kwa sababu msimu wake ulishapita. Mama alihangaika sokoni mpaka akapata mawili kwa mwanamke aliyekuja kutoka Endabash. Resiato alichagua dogo lililopinda. Nashipai akachukua kubwa la mviringo, akaliweka juu ya ukuta mfupi wa uwanja ili wapita njia walione.

"Liingize ndani jioni," Resiato alimwambia. "Mbuzi wa jirani hawana adabu."

"Nitaliingiza."

Hakuliingiza. Asubuhi ya siku yenyewe ya sherehe, Ijumaa ya mapumziko ya shule, Mama akiwa tayari ameshakwenda kazini, Nashipai alikuta kikonyo, maganda na mbegu chache zilizokanyagwa kwenye udongo. Mbuzi mmoja bado alikuwa pale, anatafuna taratibu, akimwangalia kama mtu aliyealikwa.

Machozi yalimlenga. Na kama vile haitoshi, Anitha akapita. Anitha alikuwa mtoto wa mhudumu wa mapokezi wa loji, na alikuwa na ulimi mkali.

"Boga lako liko wapi, bundi?" aliuliza. "Au umempa mbuzi achonge kwa meno?"

"Ninalo lingine," Nashipai alisema.

"Ngoja tuone. Usije na sufuria, tafadhali."

Nashipai hakuwa na lingine. Alizunguka kwa majirani, hakupata. Alirudi nyumbani akiwa amechoka. Resiato alikuwa bombani kuteka maji, na nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa chumba cha Koko ulikuwa wazi kidogo. Kibuyu kilining'inia pale ukutani, kinene, cha mviringo.

Alisimama mlangoni kwa muda. Alijiambia kwamba kibuyu kile ni cha zamani. Alijiambia kwamba hakina kitu ndani, kwamba Koko hayupo, kwamba atakifanyia kitu kidogo tu kisha atakirudisha. Mtu anayejiambia maneno mengi namna hiyo huwa tayari anajua jibu. Nashipai alilijua. Akakitungua.

Alifungua ule ukanda wa shanga, akauficha ndani ya kiatu chake cha mvua. Alichukua kipande cha msumeno kwenye kisanduku cha vifaa cha baba yake, akaenda nyuma ya choo. Ganda lilikuwa gumu. Msumeno ulipoingia, kibuyu kilitoa sauti nyembamba iliyomsisimua meno. Kwa ndani kilikuwa cheusi tii kwa moshi wa miaka. Alikata jicho la kwanza, na baada ya hapo haikuwezekana tena kurudi nyuma. Akakata la pili, kisha mdomo mpana wenye meno matatu. Halafu alikipaka chote rangi ya chungwa ya kuchanganya na maji waliyopewa shuleni, na shingo akaizungushia karatasi ya kijani iwe kama kikonyo.

Resiato aliporudi na ndoo kichwani, alishangaa. "Umelipata wapi?"

"Limeletwa kutoka Buger," Nashipai alisema, wala hakupepesa jicho.

Jioni ile bustani ya loji ilipendeza. Watoto wa wageni walivaa mashuka yenye matundu na maboksi yaliyopakwa rangi, wakachanganyika na popo, bundi na chui wa Karatu, na kwa kuwa hawakuelewana lugha walielewana kwa kukimbizana. Mama Esta alipita na sinia za biskuti. Alipofika kwenye ukuta ambako Bartolomeo, mtunza bustani, alikuwa akipanga maboga, aligonga lile la Nashipai kwa kidole.

"Mbona gumu hivi?"

"Lilikauka, Mama."

"Umelitengeneza vizuri," Mama alisema, akaenda zake. Sifa ile ilimchoma Nashipai kuliko kofi.

Bartolomeo akawasha mishumaa. Nyuso za maboga zikaangaza, watoto wakapiga makofi. Ndipo kitu kikatokea ambacho Nashipai hakukiwazia. Moto wa mshumaa ulikipasha kibuyu joto, na kutoka machoni na mdomoni mwake ikaanza kutoka harufu. Haikuwa harufu ya boga. Ilikuwa harufu ya moshi wa mzeituni na maziwa ya zamani, harufu ya shuka la Koko, ya kulala mgongoni kwake ukiwa mtoto mdogo.

Nashipai aligeuka. Fisi alikuwa amesimama nyuma yake. Katika matundu mawili ya gunia, macho ya Resiato yalikuwa yanamtazama.

Muda mfupi baadaye meneja alitangaza mshindi. Nashipai alipokea kasha la penseli za rangi, Anitha akanuna, wageni wakapiga picha. Meneja aliomba boga lile zuri libaki pale ukutani kwa muda, lipambe bustani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Resiato alichukua kijiti cha mzeituni kama kawaida, akaingia chumbani kwa Koko, akatoka mikono mitupu. Alisimama mbele ya Nashipai.

"Kibuyu cha Koko kiko wapi?"

Hapo Nashipai angeweza kusema. Mlango ulikuwa bado wazi. Badala yake alisema, "Nitajuaje mimi? Si wewe unayekitunza?"

Resiato alikiangalia kijiti mkononi mwake. Kilikuwa bado kinafuka. Akakizimisha kwenye mchanga.

Katikati ya juma Koko alirudi. Alishuka barabarani na kijifurushi chake, mrefu, amenyooka ingawa magoti yalimsumbua. Wasichana walikwenda kumpokea na kuinamisha vichwa kama desturi, naye akaweka kiganja chake juu ya kila kichwa. Kiganja hicho kilikuwa kizito siku hiyo, au ndivyo Nashipai alivyokisikia.

"Jumamosi narudi Malambo," Koko alisema wakati wa chai. "Mtoto anapewa jina. Nimefuata kibuyu changu."

Aliingia chumbani. Alipotoka, hakupaza sauti.

"Resiato. Wewe nilikuachia."

"Ndiyo, Koko."

"Kiko wapi?"

Resiato alitazama chini. "Sikukivunja, Koko."

"Sijauliza hivyo. Kiko wapi?"

Resiato akanyamaza. Nashipai alikuwa amesimama kando ya meza na kikombe mkononi.

"Mama, labda ni wezi," Mama Esta alijaribu.

"Mwizi gani wa Karatu aache redio achukue kibuyu?" Koko aliuliza. Kisha akamgeukia tena Resiato, akamngoja. Alingoja sana. Kwa Koko, mtoto anayenyamaza mbele ya swali amekwisha kujibu.

"Basi," alisema mwishowe. "Lengai ananiomba huyu tangu zamani, amsaidie na mtoto na ndama. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mwacheni, huyu ana akili, atasoma. Jumamosi nitakwenda naye. Aliyeshindwa kulea kibuyu akalee ndama."

"Mama, na shule?" Mama Esta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimemaliza, Mama Nashipai."

Tangu siku hiyo chakula kilipoteza ladha. Nashipai alifungua kasha la penseli, akachora mstari mmoja wa chungwa, akalifunga. Darasani mwalimu alimwita mara mbili hajasikia. Kila alipojiandaa kusema, aliwaza uso wa Koko, akawaza uso wa Mama mbele ya watu wa loji, na maneno yakarudi tumboni. Alikuwa akijiambia kwamba Koko atapoa. Koko hakupoa. Alikaa uwanjani akitazama barabara, na mikono yake, iliyozoea kushika kitu, ilikaa tupu mapajani.

Ijumaa jioni Resiato alifunga nguo zake kwenye mfuko. Alipomaliza alitoa mkebe wake wa hesabu, wenye bikari na rula, akauweka upande wa Nashipai wa kitanda.

"Chukua. Huko hautanisaidia."

Nashipai hakuugusa. "Kwa nini hukusema?" aliuliza, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Resiato alifunga fundo la mfuko, akalifungua, akalifunga tena. "Mimi nakula kwenu, nalala kwenu," alisema. "Nimnyooshee kidole mtoto wa nyumba, halafu nikae wapi? Na tena nilikuwa nangoja. Nilisema leo atasema. Leo ikipita, nasema kesho."

Baada ya chakula walikusanyika kusali, kama walivyofanya kila jioni. Mama Esta alimwombea Resiato safari njema. Alimwombea mtoto mchanga wa Malambo. Aliomba amani irudi katika nyumba. Kisha wakasali pamoja ile sala wanayoijua hata watoto wadogo, na walipofika penye maneno ya kuomba kusamehewa makosa, Nashipai alifungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Wengine waliendelea bila yeye. Aliwasikia wakienda mbele, kama watu wanaovuka mto na kumwacha ng'ambo.

"Unaumwa?" Mama alimuuliza.

"Koo," alisema. Hata hilo lilikuwa la uongo, na alipolisikia likitoka kwa wepesi namna ile, aliogopa. Aliona kwamba uongo wake umeshajifunza kutembea peke yake.

Jumamosi kulipopambazuka, Mama na Koko walikuwa wakiandaa mizigo. Nashipai alivaa viatu vya mvua ingawa mvua haikuwepo, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapanda kilima mbio mpaka loji. Bartolomeo alikuwa akimwagilia maua kwa mpira wa maji.

"Bundi," alisema. "Umekuja kuangalia boga lako? Mengine yote yameoza, nimeyapeleka kwa nguruwe. Hili halina habari. Nikajiuliza, boga gani hili?"

Nashipai alilichukua kutoka ukutani, akalishika chini ya maji. Rangi ya chungwa ilichuruzika mikononi mwake na kwenye majani. Kahawia ikaanza kuonekana, iliyong'aa kwa mafuta. Bartolomeo aliacha kumwagilia.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha bibi yangu."

"Anajua?"

"Anakwenda kujua, kabla hajapanda gari la Malambo."

Mzee huyo alimtazama, akafunga bomba. "Gari la Malambo haliwangoji watu," alisema. "Panda pikipiki yangu."

Waliikuta Landrova ya Malambo imeegeshwa barabarani, karibu na duka, vijana wanapakia magunia ya sukari na unga juu yake. Koko alikuwa amekaa juu ya furushi lake. Resiato alisimama kando yake na mfuko wake, na Mama Esta alikuwa akimfunga vizuri shuka mabegani.

Nashipai alishuka kwenye pikipiki. Alitembea mpaka mbele ya Koko, akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka kibuyu miguuni pake. Kilikuwa kinachuruzika maji. Macho mawili na mdomo wenye meno matatu vilimtazama Koko. Nashipai akavua kiatu kimoja, akatoa ule ukanda wa shanga, akauweka juu yake.

"Ni mimi, Koko," alisema. "Nilikikata mimi. Boga langu lililiwa na mbuzi kwa uzembe wangu, na nilitaka zawadi. Resiato alinikanya kuhusu mbuzi. Alipouliza kibuyu kiko wapi, nilimjibu vibaya. Nilimwacha alaumiwe. Nimemdanganya Mama, nimemdanganya kila mtu. Resiato hana kosa."

Wale vijana juu ya gari waliacha kupakia. Mama Esta alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

Koko alikiinua kibuyu. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa jicho, pale msumeno ulipopita. Kisha alikileta karibu na uso wake, akavuta pumzi kwenye mdomo wake wa zamani, ule wa juu. Nashipai aliinamisha kichwa na kungoja kiganja. Kiganja hakikuja.

"Resiato," Koko alisema. "Rudisha mfuko wako nyumbani."

Resiato hakuondoka. Alibaki amesimama, machozi yakimtiririka usoni bila sauti, machozi ya juma zima.

"Nilikuhukumu kabla sijaona," Koko alimwambia. "Mtu mzima akikosea na yeye husema. Nimekosea, mwanangu."

"Na kibuyu, Mama?" Mama Esta aliuliza. "Utakwenda na nini?"

"Nitaazima Malambo. Nitawaambia changu kimepata uso." Akamkabidhi Resiato kile kibuyu, wala si Nashipai, akapanda gari.

Siku zile Koko alipokuwa Malambo, Mama Esta hakumpiga Nashipai. Alimpeleka loji, wakasimama wawili mbele ya meneja, Nashipai akarudisha kasha la penseli na kueleza sababu kwa kinywa chake. Anitha alisikia kutoka mapokezi. Alifungua kinywa amtanie, akamtazama usoni, akakifunga.

Nyumbani Nashipai alimwomba Resiato msamaha. Resiato alisema amemsamehe. Hata hivyo kwa siku kadhaa walilala migongo ikiwa imegeukiana, na blanketi hakuna aliyeligombania. Kusamehe ni neno moja, lakini kuzoeana tena kuna mwendo wake. Ndipo jioni moja Resiato alivuta blanketi lote upande wake kwa nguvu, na Nashipai akalala kwa baridi akiwa na furaha.

Koko aliporudi, Nashipai alidhani atakileta kibuyu uwanjani na kukishonea viraka vya ngozi, kama wanawake wa Kimaasai wanavyofanya kibuyu kikipata ufa. Koko alichukua nyundo na msumari. Hakwenda chumbani kwake. Aligongea msumari sebuleni, mbele ya viti vya wageni, akakitundika pale, uso ukitazama mlango.

"Koko, nilidhani utakishona," Nashipai alisema.

"Ufa hushonwa. Huu ni uso, utabaki uso." Kisha akafungua ncha ya shuka lake, akatoa mbegu bapa, nyeupe, akazimimina kwenye kiganja cha Nashipai. "Hizi za vibuyu nimeziomba Malambo. Mvua ikianza utapanda, utapalilia, utavuna, utakausha, utatoa moyo wake. Resiato atakufundisha moshi. Ni kazi ndefu. Utaijua thamani yake kwa mikono."

Jumapili hiyo mwinjilisti Josephati alikuja kuwatembelea. Alikaribishwa kiti, akapewa chai, na kabla hajaonja macho yake yalikwenda ukutani.

"Hee, Koko," alisema. "Kibuyu hiki mbona kina macho?"

Mama Esta alitazama pembeni. Koko alikunywa chai yake polepole, akakiweka kikombe mezani.

"Mwenye kujibu yupo," alisema. "Nashipai."

Nashipai alitoka jikoni. Resiato alitoka pia, akasimama karibu naye, bega kwa bega. Nashipai alieleza yote tangu boga juu ya ukuta mpaka kiatu cha mvua. Alipofika mahali pa Resiato alisita. Ilikuwa rahisi kuruka hapo. Koko alimngoja, kama alivyomngoja Resiato siku ile.

"Halafu nikamwachia Resiato lawama," Nashipai alisema, "kwa siku tatu, na nilimwona akifunga mizigo yake."

Mwinjilisti alitikisa kichwa taratibu. Ni Koko aliyesema.

"Sikiliza, mwanangu. Kibuyu kilichokatwa huwezi kukirudisha, lakini utapanda kingine. Kosa la mikono ni hivyo, lina dawa yake. Uongo hauna kazi ndogo. Ulipouficha chini ya rangi, haukukaa pale. Ulikwenda kumtafuta mtu wa kumla, na ukamkuta aliyekuwa hana wa kumtetea. Ukweli ulikuaibisha asubuhi moja, barabarani, mbele ya magunia ya sukari. Uongo ungemchukulia Resiato maisha yake yote. Kila mgeni atakayeingia humu atauliza, na kila mara utasema wewe. Utasema mpaka ulimi wako usahau njia ile nyingine."

"Ndiyo, Koko."

Nashipai aliinamisha kichwa. Hakuwa na hakika, lakini alingoja. Akasikia shanga za mkono wa Koko zikigongana kidogo, kisha kiganja kikatua juu ya nywele zake, kizito na chenye joto, kikinukia moshi wa mzeituni.